Sikuuliza Kwanza: Mimi, Lantana na Chupa ya Soda

Wasee, leo sina ushauri wa kuwapa. Nina deni, na nitalilipa hapa hapa nilipolikopa.

Wale mmekuwa nami tangu mwaka jana mnaikumbuka ile video ya Pasaka. Sekunde 47 tu. Nilikuwa nimeenda kwa shosho, upande wa Kirinyaga, chini kidogo ya ukanda wa majani chai. Nikiwa barabarani nikaona vijana wanatembea katikati ya mikaratusi michanga, pampu mgongoni, wanapiga dawa vichaka. Upepo ulikuwa unavuma. Upande waliokuwa wamepita wiki mbili tatu nyuma, vichaka vyote vilikuwa vimekauka, rangi ya kahawia, ni kama moto umepita hapo. Nikatoa simu. Nikaandika juu: "Hivi ndivyo msitu unavyouawa, na hakuna anayesema." Nikaposti nikiwa bado barabarani, kabla hata sijafika kwa shosho kunywa chai.

Ilienda, bana. Sijawahi kuona simu ikilia vile. Watu ambao siwajui wakawa wananiita shujaa. Wengine wakaandika majina ya wauaji wa mazingira, wengine wakataka hao vijana washikwe. Wiki mbili baadaye nikapata tangazo langu la kwanza la kulipwa: shilingi 15,000. Nilinunua maiki mpya. Hiyo maiki ndiyo nimetumia kwa kila video mliyoona tangu hapo.

Siku ya nne baada ya kuposti, binamu yangu Muriuki akanipigia. Muriuki ana miaka ishirini na sita, ndiye alinifundisha kuendesha baiskeli. Hakusalimia.

"Wewe, ule mgongo wa tatu kwa video yako, mwenye kofia nyekundu. Umeuona?"

"Nimeuona."

"Ni mgongo wangu."

Mwenye shamba alikuwa ameiona video. Hakutaka maneno. Akasimamisha kazi siku hiyo hiyo, akawatuma nyumbani vijana kumi na mmoja, na zile siku kumi walizokuwa wamefanya akasema atalipa mambo yakitulia. Hadi leo ninapoandika, bado hayajatulia.

Nilijitetea, sitawadanganya. Nikamwambia sumu ni sumu. Nikamwambia wangetafuta kazi nyingine. Akacheka ile kicheko ya mtu hana nguvu ya kukasirika, akasema, "Sawa. Siku ukipata nafasi, kuja ujionee."

Nilienda Agosti.

Tuanze na kichaka chenyewe, kwa sababu mimi niliposti video kukihusu bila kujua jina lake. Kinaitwa lantana. Hakika umeshakiona: maua madogo madogo ya njano, chungwa na waridi kwa kichwa kimoja, majani yanakwaruza, ukiyasugua yananuka vikali. Ni maridadi kwa picha. Asili yake ni Amerika ya joto, na ilizungushwa duniani kama ua la bustani na uzio. Leo iko kwenye orodha ya Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani. Ndege wanakula tunda lake jeusi, wanaangusha mbegu kila wanapotua. Ng'ombe na mbuzi wakila majani mengi wanaugua ini, ngozi inaharibika wakipigwa na jua.

Ndani ya shamba la miti lantana ina kazi tatu mbaya. Inafunika mche kabla haujapata urefu, unakosa mwanga. Inafunga njia, kwa hivyo wa kupogoa hawezi kufika kwa mti. Na kiangazi inakuwa ngazi: moto ambao ungepita chini kwa nyasi unapanda kichaka, kutoka hapo unashika matawi ya mti.

Najua kuna mtu ashaanza kuandika, "Lakini hata mkaratusi ni mgeni." Ni kweli. Umetoka Australia, na ubishi wa maji yake tunaujua. Lakini mkaratusi umepandwa kwa mistari na mtu anajua ni ngapi. Lantana hakuna aliyeipanda pale. Mimi pia naona tungekuwa na miti ya kienyeji zaidi, na hiyo ni mada ya siku nyingine. Lantana ikishika mlima, hata huo mti wa kienyeji unaoutaka hutaweza kuupanda.

Sasa, Muriuki alinipeleka mahali shamba limegawanyika vipande vitatu. Hakunieleza kitu. Alinipa panga, akasema nitembee.

Kipande cha kwanza, mbele kabisa, kilikuwa kisafi. Visiki vya lantana viko chini, vimekauka, ukivipiga teke vinavunjika. Katikati ya mistari nyasi zimeota.

Kipande cha pili ni kile cha video yangu. Vichaka vimekufa vimesimama, miiba na vijiti, huwezi kupita bila kuchanika. Na kuna mikaratusi michanga iliyokufa pia. Si mingi, lakini nilihesabu saba kwa mstari mmoja.

Kipande cha tatu kilikuwa kijani kibichi, kimefika kifuani. Hapo ndipo mwenye shamba alileta watu wa panga mwezi wa Mei, baada ya video, kwa sababu panga haina kelele mtandaoni. Waliikata lantana yote hadi chini. Nikainama nikafungua kichaka kimoja niangalie. Kisiki kimoja, ukubwa wa kifundo cha mkono wangu, kilikuwa na machipukizi kumi na manne. Kumi na manne! Walikuwa wamekata fimbo moja, wakavuna fimbo kumi na nne.

"Hii ndiyo uliyoipigania," Muriuki akasema.

Nikauliza, si mngeng'oa tu na mizizi? Akanipa jembe. Nilichimba kisiki kimoja, mkono ukatoka lengelenge, na jasho la dakika ishirini na kitu. Kung'oa kunafanya kazi, nataka mjue hivyo. Kwa uzio wa shosho, kwa ekari moja, ng'oa. Lakini kwa mlima mzima mwenye shamba hatalipa hayo masaa, na ukifukua mteremko wote kabla ya mvua, udongo wako utaupata mtoni.

Kwa hivyo kile kipande cha kwanza kilifanyiwa nini?

Dawa. Ile ile. Ila kwa brashi.

Nitawaelezea jinsi nilivyoelezwa, kwa sababu hapa ndipo ujinga wangu ulikuwa. Februari walikuwa wamekuja na mtu wa misitu akawafundisha siku tatu. Unakata kichaka chini kabisa, karibu na udongo. Papo hapo, kabla kidonda hakijakauka, mwenzako anapaka dawa kwenye kisiki kwa brashi. Mnafanya wawili wawili kwa sababu ukichelewa, kidonda kinajifunga na dawa haiingii. Kwa kisiki kinene hupaki katikati, kwa sababu katikati ni mbao iliyokufa. Unapaka ule mduara wa nje, chini tu ya ganda, ambapo mti unaishi. Dawa inashuka hadi kwa mizizi, na mizizi ikifa hakuna chipukizi.

Kwenye dawa wanachanganya rangi. Yao ilikuwa nyekundu. Kisiki kilichopakwa kinaonekana, hakipakwi mara mbili, na msimamizi anaona kilichorukwa. Hakuna ukungu wa kupeperuka. Dawa inaenda kwa kisiki peke yake, na mkaratusi ulio nusu mita kando unabaki mzima. Na hata hapo lazima uwe macho: ukipaka kimakosa kisiki cha mkaratusi uliovunwa, umeua machipukizi ambayo mwenye shamba anayangoja.

Dawa yenyewe ilikuwa glifosati. Inazuia kimeng'enya ambacho mimea inakitumia kujitengenezea vijenzi vya protini, na haichagui. Jani lolote la kijani likipata ya kutosha, linakufa, liwe la lantana au la mche wako. Ndiyo maana ile saba ilikufa. Kuna nyingine inaitwa triklopiri, hiyo inaua vichaka na mimea ya majani mapana lakini nyasi nyingi inaziacha. Na glifosati haitaki maji ya matope, kwa sababu inajishika kwenye udongo na nguvu inaisha. Muriuki alisema kabla ya mafunzo walikuwa wanachota tu mtaroni, halafu wanashangaa mbona dawa haishiki, wanaongeza kipimo.

Basi kama brashi ilikuwa inafanya kazi, pampu ilitoka wapi? Ilitoka kwa haraka. Mwenye shamba aliona watu wawili wawili wanainama siku nzima, akaona pesa zinaisha. Akasema wapige dawa kila kitu, wamalize. Hata siku ya upepo.

Kwa hivyo video yangu ilikuwa na ukweli ndani. Kupiga dawa kwa upepo katikati ya miche ni kazi mbaya. Lakini mimi sikusema hivyo. Nilisema dawa, nikasema msitu unauawa, nikaonyesha migongo ya watu wasio na uwezo wa kukataa. Aliyetoa amri hakuonekana hata kwa sekunde moja.

Nilidhani hapo ndipo hadithi inaisha, mimi nikiwa mwenye makosa. Haikuisha.

Jioni hiyo tulikuwa jikoni kwa shosho. Yeye anapika, mimi natoa maganda ya viazi, na Shiru, mtoto wa dada yake Muriuki, miaka minne, anazunguka zunguka. Kwa dirisha kulikuwa na chupa ya soda ya nusu lita, imejaa kitu chekundu. Nilikuwa nimeiona tangu asubuhi. Nilidhani ni juisi ya kuchanganya na maji.

Shiru alipanda kwa kigoda akaichukua. Nilisikia ile sauti ya kifuniko kigumu, mtoto anajaribu kukizungusha, anatumia meno. Shosho ndiye aliyegeuka kwanza. Sijawahi kumwona shosho akienda kasi vile. Alimpokonya chupa na Shiru akalia hadi majirani wakaja kuuliza kuna nini.

Ilikuwa ile dawa. Masalio ya Februari. Muriuki aliibeba nyumbani akitaka kumsaidia shosho na lantana ya uzio, akaisahau. Ile rangi nyekundu iliyofanya kazi ya shamba iwe safi ndiyo iliyofanya chupa ionekane tamu.

Nilimrukia Muriuki kwa maneno. Nikamwambia unaona sasa, hii ndiyo sumu niliyokuwa nasema. Aliniacha nimalize. Halafu akanyoosha mikono yake juu ya meza, viganja juu. Ngozi kati ya vidole ilikuwa imekauka, imepasuka.

"Tulipewa dumu moja la lita ishirini," akasema. "Glavu, hakuna. Lebo ilikuwa imetoka. Tulikuwa tunapima na kifuniko. Wewe ulikuja na simu yako ukapiga video ya kichaka. Mbona hukupiga video ya mikono?"

Sikuwa na jibu. Bado sina.

Hii ndiyo sehemu nataka mkae nayo. Sisi wa mtaani tukisikia dawa ya kuulia magugu, tunakimbilia ubishi mmoja: inaleta saratani ama hailetei? Mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani la Shirika la Afya Duniani liliiweka glifosati kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ukaiongezea kibali cha miaka kumi. Mnaweza kubishana hadi bando liishe. Lakini kwa pande zote mbili jambo moja halibadiliki: anayeipata kwanza na kuipata nyingi ni yule anayeichanganya na kuibeba mgongoni. Kama kuna hatari, inaanzia kwake. Na huyo ndiye tuliyemwita muuaji.

Kwa hivyo sasa nikiona watu wanapiga dawa msituni, maswali yangu ni mengine. Dawa iko kwa chombo chake, lebo inasomeka? Imesajiliwa na Bodi ya kudhibiti dawa za wadudu na magugu hapa Kenya? Wana glavu, gambuti, nguo za mikono mirefu, na maji na sabuni ya kunawa kabla ya kula? Wanapaka visiki ama wananyunyiza hewani? Mto uko wapi? Masalio yanaenda wapi jioni? Na nani atarudi?

Hilo la kurudi ndilo watu wanalisahau. Lantana ikifa, mbegu zake bado ziko kwa udongo. Ukiacha nafasi wazi, mwaka ujao umerudi mwanzo. Afrika Kusini wana mradi wa serikali tangu 1995 unaoitwa Working for Water, unaajiri watu wasio na kazi kung'oa na kukata miti vamizi na kupaka visiki. Jambo moja mradi kama huo unafundisha ni kwamba kukata mara ya kwanza ni mwanzo tu. Usiporudi kufuatilia, pesa yote ya kwanza umeitupa. Na wale wanaongoja mdudu wa kula lantana, wangoje kwa subira: Hawaii walianza kuleta wadudu mwaka 1902, wengine wakafuata, na wadudu wanapunguza nguvu yake mahali fulani, lakini lantana bado iko.

Njia ya kwetu pia tunayo. Kwenye mashamba ya miti ya serikali, wakulima wanaruhusiwa kulima viazi au maharagwe katikati ya miche kwa miaka michache ya mwanzo. Wakipalilia chakula chao, wanapalilia na mti. Mfumo huo una kesi zake, umepigwa marufuku na kurudishwa, kuna mahali umetumika vibaya. Lakini pale mtu yuko shambani kila wiki na jembe, lantana haipati hata nafasi ya kuhitaji dawa. Dawa inaitwa pale ambapo watu waliondoka kitambo.

Sasa deni.

Nilimpa Muriuki shilingi 5,000. Siku kumi, mia tano kwa siku. Aliziangalia, akaniuliza, "Na wale wengine kumi?" Maiki peke yake ilinigharimu 9,000, kwa hivyo hesabu mnaiona wenyewe. Nimeshalipa wanne. Wale saba nitawalipa mmoja mmoja, na sitaki mnichangie. Siku kumi zao zilikuwa mfukoni mwangu.

Nilitaka pia kuifuta ile video. Muriuki alikataa. Alisema nikiifuta nitakuwa nimejisafisha mimi tu, na wale waliowatukana watabaki wakiamini. Kwa hivyo iko pale, na juu yake nimebandika haya maneno. Muriuki siku hizi anaendesha boda. Mwenye shamba mnamjua mnavyomjua: hajulikani. Hata leo simtaji, kwa sababu sijakaa naye nikamuuliza upande wake, na nimeshajifunza kwa gharama ya watu wengine.

Ile chupa tuliirudisha kwa yule mtu wa misitu, aitupe inavyofaa. Kwa uzio wa shosho hatukupaka kitu. Uzio ni mfupi, tulichimba kwa jembe, mimi na Muriuki, siku mbili. Desemba niliporudi, miche midogo ya lantana ilikuwa imeota tena kwa ule udongo uliofukuliwa, laini, inang'oka kwa vidole viwili. Shosho alikuwa ameshapanda mikima katikati, sita, kila mmoja na kijiti chake. Alinipa ndoo akaniambia nianzie upande wa lango.

Nilianza hapo. Shiru alinifuata nyuma akiokota.